Ripoti Kumi na Moja za Mlinzi Hesbon Makori

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Hesbon Makori, mlinzi wa hoteli moja kule Al Garhoud, hapa Dubai. Hesbon alifariki Jumanne iliyopita. Moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu, akijiandaa kuingia zamu. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Balozi. Lilikuwa jina la utani. Leo nataka mjue lilitoka wapi.

Hesbon alikuwa Mkisii aliyekulia Molo, Kenya. Mapema mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yake ilichomwa. Yeye, mkewe Everlyn na mtoto mchanga waliishi miezi saba kwenye hema mjini Nakuru. Everlyn aliniambia kwa simu, "Dada yangu, tulikula unga wa msaada. Kuna siku lori halikuja. Hakuna mtu alituambia kwa nini. Hesbon alisimama barabarani na sufuria mpaka jioni. Hiyo siku hakuisahau."

Alikuja Dubai mwaka 2012. Pale hotelini akawa rafiki wa mtunza stoo, Mpalestina tunayemwita Abu Samih. Mama yake Abu Samih ana miaka zaidi ya sabini na ana kisukari. Anaishi katika kambi ya wakimbizi nchini Lebanon. Insulini yake ilitoka kwenye zahanati ya msaada, humo humo kambini. Ilikuwa ya bure, na ya kununua hana uwezo nayo.

Mwaka jana, 2018, serikali moja tajiri ilikata msaada wake kwa wakimbizi wa Kipalestina. Sitaitaja. Aliyesikiliza habari mwaka ule anaijua. Zahanati ile ikawa inafunguliwa siku mbili tu kwa wiki. Insulini ikawa inaisha kabla foleni haijaisha.

Hesbon alikasirika. Akafanya anachokijua mlinzi. Mlinzi ana kitabu cha matukio: anaandika saa, mahali, tukio, na hatua iliyochukuliwa. Chini kuna nafasi ya sahihi ya aliyepokea. Basi akaiandikia serikali ile kwa mtindo huo huo, matukio akisimuliwa na Abu Samih. Ripoti ya kwanza ninayo hapa:

"Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mahali: zahanati ya kambi. Tukio: mama mzee amekuja kuchukua insulini, mlango umefungwa. Hatua iliyochukuliwa: hakuna. Tafadhali rudisheni msaada, kisha mtie sahihi hapa."

Aliipeleka mwenyewe, siku yake ya mapumziko, mpaka kwenye geti la ofisi za serikali hiyo hapa mjini. Msimamizi wake, Hakim, alimwonya.

"We Hesbon, wewe ni askari wa geti ama balozi? Utarudishwa kwenu, wallahi. Khalas, achana na hayo."

"Siandiki siasa, mkubwa. Naandika kilichotokea."

"Na nani amekupanga zamu Lebanon?"

Wenzake bwenini walicheka wiki nzima. Ndipo alipoitwa Bwana Balozi.

Ripoti kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Kumi na moja. Sahihi alizopata zilikuwa za mtu mmoja tu: Ritah, dada wa Kiganda aliyelinda geti lile. Hesbon alikuwa haondoki bila sahihi, kwa sababu kwa walinzi kitu hakipiti geti bila kusainiwa. Ritah akamwambia, "Kaka, nasaini kwamba nimepokea bahasha. Siwezi kusaini kwamba wameisoma."

Mwezi Januari aliandika ripoti ya mwisho. "Tukio: mama amekosa dawa wiki tatu. Kidonda cha mguuni kimeoza. Hatua iliyochukuliwa: wamekata mguu, chini ya goti."

Safari hii hakuandika tafadhali.

Abu Samih aliniambia, "Watu wengi walinipa pole. Hesbon hakunipa pole. Alikasirika pamoja nami."

Nami nimekasirika. Mtu alikaa mezani, penye kiyoyozi, akatia sahihi karatasi ya kuwanyima wagonjwa dawa. Mkono huo ulikuwa mwepesi. Lakini ulipoombwa sahihi ya kukiri tu kwamba umesikia, ukawa mzito. Mara kumi na moja.

Everlyn, na watoto wenu Jecinta na Protas, poleni sana. Mungu awashike mkono mnapoupokea mwili wa baba nyumbani. Abu Samih, pole kwa rafiki.

Nawe msikilizaji, usiseme haya ni mambo ya Waarabu. Wengi wetu tumewahi kusimama kwenye foleni ya msaada, au wazazi wetu walisimama. Kama unamfahamu raia wa nchi ile, mwambie aiandikie serikali yake. Yeye wakimnyamazia, kesho watakuja kumwomba kura, naye anaweza kuwanyima.

Mama yake Abu Samih yu hai. Amebaki na mguu mmoja. Kesho asubuhi atahitaji insulini, na kesho si siku ya zahanati.