Dada Aliyewaita Polisi

Kwenye kivuko cha kwenda Mwanza mjini, mbele yangu mama mmoja alikuwa akimsimulia mzee aliyeketi karibu yake habari za Masele, mdogo wake, aliyechanganyikiwa akawa anapiga kelele uani. "Nikawaita polisi wanisaidie kumfikisha hospitali. Wakampiga virungu vya kichwa, wakamtupa mahabusu."

"Sasa mwanangu, wangejuaje kama ni mgonjwa? Si alishika kitu?"

"Alishika mwiko, baba. Na kwenye simu niliwaambia ni mgonjwa."

Mzee akasema sheria haina macho. Nikajiuliza virungu vilikionaje kichwa.

"Lakini si amerudi nyumbani?"

"Amerudi. Nikimpelekea uji ananyoosha mikono juu, mimi dada yake."

"Polisi nao wanaogopa," mzee akaanza tena, lakini kivuko kilishagusa gati, na mama alishasimama.