Mdalasini wa Owiti

Kijiwe chetu kiko Kaloleni, huku kwetu kando ya ziwa, nyuma ya kinyozi: benchi moja ndefu na jiko la kahawa la Maximilla. Hapo hakuna anayejua kitu na hakuna anayenyamaza. Wiki hii kesi ilikuwa ya Owiti. Alisikia kwa simu kwamba mdalasini una pesa. Mkewe Apiyo alipokwenda kwa mamake huko Asembo Bay, Owiti akakimbia shambani kwao Awasi, akang'oa mihogo yote ya mkewe, ile inayolisha nyumba yao. Kisha akanunua vijiti vya mdalasini sokoni, hivi hivi vya kutia kwenye chai, akavifukia kama mtu apandaye mihogo. Mdalasini ni ganda la mti, hubanduliwa na kukaushwa juani. Niliwaambia. Wakaniuliza kama nimewahi kupanda hata sukuma wiki.

Owiti: Yawa, mvua imenyesha na bado haijatoa hata jani!

Ephantus, muuza spea, akaweka kikombe chini. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua mashine ya posho, na haijasaga tena mpaka leo.

Injinia: Ulipanda macho ikiangalia wapi?

Owiti: Macho gani? Nimegeuza, nimegeuza, haina macho. Nikalaza tu.

Injinia: Unaona? Hiyo kitu inachemshwa kabla itoke Pwani. Wanaua macho ndio sisi watu wa bara tusipande.

Mimi: Na pilipili manga pia wanachemsha?

Injinia: Hiyo ni mbegu ya papai imekaushwa. Kila mtu anajua.

Maximilla: Na hii iliki natia kwa kahawa yenu?

Hapo akaingia Oketch, ambaye ni Mheshimiwa tangu alipoanguka kura za wadi.

Mheshimiwa: Iliki ni njugu changa. Ukiiacha ikomae, inakuwa njugu mawe.

Mimi: Karafuu je?

Mheshimiwa: Mizizi ya mdalasini. Si unaona vile inafanana na misumari? Inashikilia mti.

Karafuu ni chipukizi la ua ambalo halijafunguka. Lakini ningemwambia nani? Hawa watu wanaweza kubishana na mvua ikiwanyeshea.

Mheshimiwa: Omera, ndugu yangu Owiti, dawa nilikupea. Miti ya Pwani imezoea chumvi. Maji ya ziwa letu ni tamu, haina nguvu. Ile chumvi uliweka?

Owiti: Niliweka, Mheshimiwa. Ile ya ng'ombe, ya magunia. Nikamwaga shamba yote, mpaka kwa mpaka, alafu nikapiga maji ndio ishuke chini.

Mimi: Umetia chumvi shamba nzima?

Mheshimiwa: Na wewe usitishe mtu! Mchanga inaonja tu.

Injinia: Kosa ni moja. Hakuongeza magadi.

Hasira ilinipanda mpaka kahawa ikanishinda. Shamba lililomwagiwa chumvi namna ile halitaota hata magugu, na wazee wazima wanagombana juu ya magadi! Nilikuwa nafungua mdomo niwatukane wote watatu, nikamwona Apiyo akikata kona, mzigo kichwani. Owiti akasimama haraka.

Apiyo: Misawa uru?

Tukaitikia salamu kwa sauti ndogo, tukingoja moto.

Owiti: Mama Sheryl, wacha nikueleze...

Apiyo: Baba Sheryl, usijisumbue. Jirani alinipigia akaniambia umeng'oa mihogo. Nimelia, nimemaliza.

Akautua mzigo kwenye benchi. Ulikuwa wa vipande vya shina la mhogo, vibichi, vimefungwa kwa kamba ya mkonge.

Apiyo: Mama amenikatia hii kwa shamba yake yote. Yeye amebaki na kidogo sana. Nimepita kukuchukua tu, twende Awasi tupande kabla mvua iishe. Watoto wasikose chakula juu ya mambo ya simu.

Maximilla akampa kikombe cha bure. Apiyo akanywa amesimama, akatutazama mmoja mmoja, na nusura atabasamu.

Apiyo: Hiyo shamba yenyewe iko tu sawa, si ndiyo?

Injinia akatoa simu yake, akaichungulia na haikuwa imelia. Mheshimiwa, mwenye hotuba ya kila jambo, akaanza kutafuta kiatu chake chini ya benchi. Mimi, mjuaji wa maganda na maua, nikatazama jiko. Owiti akauinua mzigo wa mihogo, akajitwika begani, akatangulia kuelekea stendi.