Ninahazwe Generose, Muuguzi Aliyeuliza Kwanza (1961–2002)

Ndugu waombolezaji, Jumamosi marehemu alikuwa anaanua nguo uani, na leo tunasimulia maisha yake kama jambo lililopita. Ulimi unagoma, lakini tujaribu.

Ninahazwe Generose alizaliwa Mutarule tarehe 3 Mei 1961, mtoto wa Ndikumana na Agnès, wakulima wa mpunga na mihogo. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha akapanda milima hadi Lemera kusomea uuguzi, akahitimu mwaka 1982.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika kituo cha afya hapa Uvira. Siku za mwanzo alikabidhiwa mzee aliyekataa katakata kuogeshwa asubuhi, hata wauguzi wakamwita mkorofi. Generose alivuta kiti.

"Baba, kwenu unaogaka saa gani?"

"Magaribi, nikitoka mu shamba. Maji ya asubuhi inanitetemesha."

Tangu hapo akaogeshwa magharibi, na ukorofi ukaisha. Mkubwa wake alifoka kwamba kituo si hoteli. Marehemu alicheka tu, akaendelea kuuliza kila mgonjwa anavyotaka kuhudumiwa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Sévère, mwalimu. Walijaliwa Irambona na Keza. Nyumbani, tuseme ukweli, hakuuliza mtu: alipakua, ukala, ukamaliza.

Hakuugua. Hilo ndilo linalotuvuruga akili. Jumapili tarehe 13 Oktoba, risasi zilipoanza mjini, wagonjwa walihamishwa. Nyanya Bernardine, mgonjwa kipofu asiye na jamaa, alikataa.

"Vita ya kwanza nilikimbia, batoto bangu bakafia mu njia. Minye sitakimbia tena."

Wauguzi walitaka kumnyanyua kwa nguvu. Generose aliwazuia. "Muache. Iko na akili yake, amesema hapana. Minye nabaki naye."

Sévère alimfuata mbio kituoni. "Mama Irambona, weye unataka kufa juu ya muntu mwenye haiko hata ndugu yetu?"

"Ngoja anywe dawa, niko nakuya."

Risasi ilipita dirishani ikampata Generose, kikombe kikiwa bado mkononi mwake. Sévère alikuwa mlangoni, akaona yote. Nyanya hakuguswa.

Tulimkasirikia yule nyanya, tusifiche. Wapo walioapa kwamba hatakanyaga msibani, na Sévère hakutaka hata kusikia jina lake. Lakini jana alikwenda kituoni, akakaa kando ya kitanda cha nyanya. Kisha akauliza:

"Nyanya, unataka nini?"

"Kumuzika binti yangu."

Marehemu ameacha mume, watoto wake Irambona na Keza, mama yake Agnès, mdogo wake Michée anayewasomea haya, na Nyanya Bernardine, yule mnayemwona ameshikwa mkono na Sévère hapo kaburini.

Generose, pumzika kwa amani. Sisi bado hatujaamini.