Si Viti vya Wafalme

Mheshimiwa Mkuu wa Hifadhi, waheshimiwa wajumbe wa bodi, wazee wetu mliokaa mbele, ndugu wageni waalikwa, askari wa wanyamapori, madereva, wapishi, na nyinyi waongoza wageni wenzangu mliosimama ukutani kwa sababu mmechelewa kama kawaida yenu: nawasalimu wote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimepewa kazi ya kumuaga mwongozaji wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Redio. Jina hilo hakulipata bure. Redio za madukani betri zikiisha zinanyamaza. Huyu wetu hata akiwa na homa alikuwa akitangaza. Nani kati yetu hakujifunza kazi akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, akimsikiliza anavyomweleza mgeni habari za tembo kana kwamba anamsema shemeji yake? Mimi nilijifunza hapo, na kuanzia Jumatatu nitakalia kiti chake. Kwa hiyo nimekuja na shukrani, na pia neno moja ambalo nikilimeza litanikaba.

Mnayajua yale mawe matatu makubwa pale kilimani. Redio ndiye aliyetuachia desturi: ukifika pale zima injini, wageni washuke, wavue kofia. Kisha aliwasimulia kwamba wafalme watatu waliketi juu ya mawe hayo wakapatana, na vita vikaisha. Wageni walipenda sana. Hadithi ikaota miguu, ikaingia kwenye vipeperushi, na sasa, waheshimiwa, kuna kibao kwa mchoraji wetu, kimeshapakwa rangi ya kijani, kinasubiri kuandikwa "Viti vya Wafalme".

Mwaka huu, siku ya familia za wafanyakazi, nilimleta mama yangu mzazi. Ni yule pale mstari wa kwanza, mwenye kitambaa cheupe na fimbo. Gari likasimama, injini ikazimwa, Redio akaanza na wafalme wake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Kisha akauliza, "Baba, wafalme gani tena? Hapo mimi nilikuwa naivisha maharage."

Sisi tulicheka. Mama hakucheka. Akatueleza taratibu kwamba kabla ya hifadhi palikuwa na kijiji, na yale mawe ni mafiga ya kupikia shughuli za watu wengi, ndiyo maana ni makubwa. Siku ile ya mwisho waliambiwa wakubwa wanakuja kwa mkutano, basi wanawake wakabandika sufuria ili wageni wasiondoke na njaa. Wageni wakaja na malori. Watu wakapakiwa na walichoweza kubeba, wakashushwa ng'ambo ya mto, na maharage yakabaki motoni hayajaiva. "Mpaka leo," mama alisema, "najiuliza nani aliyaepua."

Redio akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwani wewe ni wa nani?"

Akamtaja dada yake mkubwa. Mama akamsogelea. "Kumbe ni wewe. Dada yako alikubeba mgongoni kwenye lori. Ulilia njia nzima." Na mtu mzima yule akalia tena, mbele yetu sote.

Je, Redio ni mwongo? Ngojeni kwanza. Alipoanza kazi aliwaeleza wageni ukweli, kama alivyousikia kwa dada yake. Mkuu wa wakati huo akamwita ofisini: wageni wamekuja kupumzika, hawakuja msibani; ukirudia, tafuta kazi nyingine. Baadaye wakaja mafundi wa barabara na nyundo zao, wanataka kuyavunja mawe wapate kokoto. Angewaambia ni mafiga ya mama zetu, nani angejali? Akawaambia ni viti vya wafalme, na anayevigusa hapati usingizi tena maishani. Nyundo zikarudi garini siku hiyo hiyo.

Kaka Redio, ulidanganya, na kwa uongo huo mawe yapo. Nakushukuru kwa moyo wangu wote. Lakini uongo ule ulikuwa turubai la kufunika mzigo wakati wa mvua. Mvua imekatika, kaka. Tufunue.

Mheshimiwa Mkuu, najua vipeperushi vimeshachapishwa. Najua wafalme wanauza kuliko maharage. Wapo walioninong'oneza asubuhi hii nisiligusie jambo hili, nisije nikavunja kiti kabla sijakikalia. Nawaheshimu, lakini nimeshaligusia. Naipenda hifadhi hii, watoto wangu wamesoma kwa sababu yake, na sitaki mti hata mmoja ukatwe. Lakini tembo watakimbia wakisikia kwamba watu waliishi hapa? Desturi ya kuzima injini itabaki. Kofia zitavuliwa. Na wageni wataambiwa nani alipika, alimpikia nani, na kwa nini yeye mwenyewe hakula. Kibao kile kikiandikwa wafalme, mtafute mwongozaji mkuu mwingine, maana mimi sitaweza kupita pale mama yangu akiwa hai, wala akiwa hayupo.

Jana nilimuuliza Redio anataka zawadi gani ya kustaafu. Hakutaka saa wala godoro. Ameomba safari moja ya mwisho, leo, apande kilimani akaseme kwa kinywa chake yale aliyokatazwa. Magari yako nje. Mama naye amekuja na mfuko. Nilipomuuliza amebeba nini, alinijibu, "Maharage. Safari hii naepua mwenyewe."

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Mheshimiwa Mkuu, moto hauwashwi ndani ya hifadhi bila kibali chako. Kuni tumeshapakia. Tumekaa hapa tunakusubiri.