Bendi Inataka Mwenye Uzoefu

Benchi langu ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya kujengea, pale njia ya vumbi inapoingia Noonkopir kutoka barabara kuu ya Namanga. Mimi ndiye mwenye benchi, mwenye birika la kahawa na mwenye vikombe, kwa hiyo hawa wanaume watatu wanaojiita wenye kijiwe nawavumilia tu. Debe, jina lake halisi Munguti, ni fundi wa mifereji ya mabati. Mnada ni Katoo, ambaye amenadi ng'ombe na mbuzi tangu ujana wake. Wa tatu ni Bedan, tunayemwita Mstaafu kwa sababu tangu aache kazi kiwandani hajui afanyie nini asubuhi zake. Mimi wananiita Mama Nick. Jumatatu hiyo Mstaafu alifika amebeba gita lake la besi ndani ya mfuko mweusi, akaliegemeza ukutani, akaketi mbali nalo. Akatuambia ameliweka kwenye simu liuzwe, na mnunuzi yuko njiani kutoka Matasia.

— Unauza besi? Debe akauliza. Si Jumamosi ulikuwa unaenda intavyuu ya kanisa?

— Nilienda.

— Na?

— Huyo kijana wa kusimamia bendi aliniangalia, akaniita guka, kama babu yake, akauliza, umemleta nani?

Niliweka birika chini.

Kanisa lilikuwa limetangaza Jumapili tatu mfululizo kwamba bendi inatafuta mpiga besi. Mstaafu alipiga koti pasi, akawa wa kwanza kufika. Miaka miwili amejifunza peke yake nyuma ya nyumba, simu imeegemea ndoo ya maji, vidole vikapasuka, vikapona, vikawa vigumu. Anajua nyimbo kumi na mbili toka mwanzo hadi mwisho. Yule kijana hakumruhusu hata afungue zipu ya mfuko. Alimwambia ajisajili katika idara ya wazee. Idara hiyo naijua, kwa sababu nimo. Tunatembelea wagonjwa na kunywa chai. Hatuna hata kayamba.

Kabla ya hapo alikuwa amejaribu shule ya muziki hapa mjini. Akakuta viti vya watoto wa darasa la tatu, akaelezwa kwa upole kwamba mwanafunzi akishapita miaka kumi na sita hawamchukui. Akaenda kwa ile hoteli ya nyama choma iliyo kando ya barabara kuu. Huko wakamwambia wanataka mtu aliyewahi kupiga katika bendi.

— Sasa uzoefu nitatoa wapi? Mstaafu akasema. Bendi haikuchukui bila uzoefu, na uzoefu iko ndani ya bendi. Mimi niingilie wapi, kwa dirisha?

Jambo hilo liliniuma. Huyu mtu amejenga, amesomesha, ameoza mabinti wawili, na hajawahi kumwomba mtu yeyote chochote. Sasa anaomba kitu kimoja, asimame nyuma ya wengine apige nyuzi nne, na anaambiwa aende akanywe chai.

Debe alisema yeye anajua shida iko wapi, ni suruali. Bendi za siku hizi zinavaa suruali za kubana, na mtu wa miaka sitini akiingia katika suruali hiyo hatoki. Mafundi wa nguo wameshakubaliana na wakubwa wa bendi, na kila mmoja anapata chake.

— Suruali ni kitu kidogo, Mnada akasema. Nyinyi hamjaona ile kitu wanaweka kwa masikio? Inapiga tik, tik, tik, ndio wote waende pamoja. Hiyo sauti imetengenezwa masikio ya mtu amepita hamsini isiisikie.

— Imetengenezwa na nani?

— Na wale wale walitengeneza simu ya maandishi madogo.

Debe akaona amepitwa, akaipandisha hadi kwa serikali. Akaeleza kwamba wazee wakifunzwa kupiga pamoja itabidi wafanye mazoezi, na mazoezi ni mkutano wa kila wiki, na watu wanaokutana kila wiki huanza kuuliza maswali kuhusu barabara na maji. Ndiyo maana tunaachwa tujifunze kwa simu, kila mtu nyumbani kwake, kimya. Nilimwuliza kama serikali inamjua yeye, fundi wa mifereji. Akasema hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Mnada aliinua fimbo yake kidogo, jinsi anavyofanya mnadani akitaka watu wanyamaze.

— Wacha niwaulize. Kwa kundi, kengele unafunga nani? Unafunga ndama?

— Hapana, Mstaafu akajibu.

— Unafunga ng'ombe mzee, ile inajua njia ya maji. Hawa wamefunga ndama. Ndio maana kila wimbo inakimbia na haijui inaenda wapi.

Hilo lilikuwa neno la kwanza la maana asubuhi hiyo, nikamjazia kikombe. Lakini hasira ya Mnada naijua chanzo chake. Ana kinanda nyumbani, anakipiga na vifaa vya masikioni, hata mkewe hajui anapiga nyimbo gani. Debe naye ana ngoma kamili, zile za kupigwa kwa vijiti na miguu, alizonunua kwa shule iliyofungwa. Zimefunikwa turubai katika yadi yake. Huzipiga mvua ikinyesha tu, ili kelele za mabati zimfiche kwa majirani. Mwaka jana alimwalika Mstaafu aje na besi yake. Mstaafu akamwuliza amewahi kupiga katika bendi gani. Wakanuniana siku mbili hapa hapa benchini kwangu, na mimi sikuwapatanisha. Nilijinyamazia, kwa sababu niliogopa Debe angenialika mimi, ambaye sauti yangu haijatoka jikoni tangu nimalize shule.

Wakaendelea kuwalaani vijana mpaka pikipiki ikasimama. Aliyeshuka ni mama wa miaka thelathini hivi, akajitambulisha kuwa anaitwa Soipan, ndiye mnunuzi. Mnada alimsalimia kwa Kimaasai, takwenya, naye akaitika, iko, kisha akatusalimia sisi wengine mmoja mmoja kwa mkono. Hakuwa na haraka. Alifungua mfuko, akafumba jicho moja kuangalia kama shingo ya gita imepinda, akabonyeza nyuzi moja moja. Alisema bendi ya kanisa lao huko Matasia ni ndogo, na mpiga besi wao amehama na gita lake.

— Hii imetunzwa, akasema. Nimeridhika.

Mstaafu aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mkanda wa mfuko.

— Nauliza tu kitu moja, baba. Ikipigwa pamoja na ngoma na kinanda, inasikika, ama inamezwa?

Mstaafu akamtazama Debe. Debe akatazama vidole vyake. Mnada, ambaye naamini anaweza kumwuzia daktari wa mifugo mbuzi mgonjwa, akainua fimbo yake, akaishusha. Mimi niliona aibu, halafu nikashikwa na hasira, na safari hii haikuwa juu ya kanisa wala hoteli, ilikuwa juu yetu wenyewe. Malori mawili ya mawe yalipita, vumbi likatufunika sote, likatulia.

Soipan alingoja kwa adabu. Kisha akarudia swali lile lile, polepole na kwa sauti kubwa zaidi, akidhani wazee hatukusikia.