Ufunguo wa Pili wa Ostini

SIMAI: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

MAKUNGU: Mimi hapa. Makungu.

SIMAI: Nani? Kuna makelele kwenye waya, sema kwa nguvu!

MAKUNGU: Makungu! Shemegi yako!

SIMAI: Ahaa, Makungu! Sabalkheri, yakhe. Unapiga simu siku hizi? Umekuwa mkubwa!

MAKUNGU: Sabalkheri. Habari za hapo dukani? Dada yangu hajambo?

SIMAI: Shemsa mzima, jana tu kanambia nikuulizie. Uko wapi?

MAKUNGU: Makunduchi, afisi ya mudiri, mkuu wa serikali wa huku. Karani kanionea huruma kanipa simu. Nimetoka Kizimkazi kwa baskeli ya kuazima—

SIMAI: Baskeli? Na Ostini yetu?

MAKUNGU: [anakohoa] Ipo. Haina neno.

SIMAI: Makungu. Iko wapi gari?

MAKUNGU: Kizimkazi, mbele ya nyumba ya baba mkwe. Nzima, haina hata mkwaruzo. Ila imefungwa.

SIMAI: Si uifungue.

MAKUNGU: Ufunguo umeingia kisimani. Haloo? Upo?

SIMAI: Nipo. Umeingiaje kisimani? Ulikwenda wenyewe kuteka maji?

MAKUNGU: Usinicheke, Simai. Rejeta ilikuwa inachemka. Nikafunga milango, nikenda kuvuta maji. Nimeinama tu, ukachopoka mfuko wa shati. Chubwi! Kisima chenyewe cha mwamba, hakina mwisho. Wanawake wote waliokuwepo wameona. Nimetaka kulia mbele yao.

SIMAI: Lahaula!

MAKUNGU: Nnajua. Kosa langu. Toka nimepanda baskeli nnawaza ntakwambia vipi. Ufunguo ni ule mmoja tu, nusu gari ni yako, jasho lako lile. Nisamehe, shemegi.

SIMAI: Basi, basi. Ajali haina adabu. Sasa fikiri. Umeuliza kitasa kipya?

MAKUNGU: Nimepita kwa yule anayeuza spea hapa. Kitasa kipya kiagizwe Mombasa, wiki mbili, shilingi arobaini. Na milango mbali.

SIMAI: Arobaini! Anatuuzia kitasa au anatuuzia meli?

MAKUNGU: Ndo nikakupigia. Njia ya rahisi ipi?

SIMAI: Rahisi ni namba. Usoni mwa kitasa huwa pana namba. Unaisoma, unakwenda nayo dukani, wanakupa ufunguo wake kwa shilingi tatu—

MAKUNGU: Namba si tuliikwangua?

SIMAI: Ah.

MAKUNGU: Umesahau? Tuliisugua kwa tupa mimi na wewe, siku ileile tuliyoinunua, ili asipatikane mtu wa kuchongesha ufunguo mwengine. Na ule wa pili ukautupa baharini pale Forodhani, mimi nimesimama. Ufunguo mmoja, tukasema, shirika isije ikatutia uadui.

SIMAI: Kweli, kweli. Basi Borafya, yule mchonga funguo wa Mkunazini—

MAKUNGU: Borafya atataka kitasa mkononi. Kitasa kiko ndani, na ndani kumefungwa. Sikiliza, nshapata fundi hapa. Fundi baskeli, lakini ana tindo. Anasema atavunja kioo kidogo cha pembeni, aingize mkono, halafu aking'oe kitasa cha swichi aunge nyaya. Shilingi tano.

SIMAI: Avunje nini?

MAKUNGU: Kioo. Na dashibodi itapasuka kidogo, kanambia kweli.

SIMAI: Shilingi tano halafu kioo kipya, dashibodi mpya, na kitasa bado kile cha arobaini! Hiyo ni rahisi ya wapi?

MAKUNGU: Sasa nifanyeje? Wiki mbili sina. Ananisubiri nje na tindo lake.

SIMAI: Asiiguse! Mwambie asiiguse gari! Jaku, yule dereva wa gari ya abiria ya huko shamba, anaondoka Darajani saa nane. Ntampa yeye, saa kumi na moja unao mkononi.

MAKUNGU: Ntakuwa na nini mkononi?

[mkwaruzo wa waya]

MAKUNGU: Simai. Utampa nini Jaku?

SIMAI: Fundi. Ntamtuma fundi.

MAKUNGU: Fundi mkononi?

SIMAI: Yakhe, waya huu mbovu, maneno yanakuja nusu—

MAKUNGU: Mimi nnakusikia vizuri. Saa kumi na moja unao. Unao nini?

SIMAI: Tajiri wangu mwenye duka anateremka, ntakupigia—

MAKUNGU: Huwezi kunipigia, hii simu ya mudiri. Nijibu.

SIMAI: Usifanye hasira. Unataka gari ifunguke au hutaki?

MAKUNGU: Upo ufunguo wa pili. Na mimi nliusikia ukianguka majini.

SIMAI: Ule ulikuwa wa sanduku la Shemsa.

MAKUNGU: Aliutafuta mwezi mzima! Mpaka akavunja sanduku lake!

SIMAI: Yakhe, ufunguo mzima, mpya, unautupa baharini kwa maneno tu? Mimi roho ilinikataa. Nikasema nauweka akiba, ipo siku utatufaa. Na leo si ndo hiyo siku? Umetufaa!

MAKUNGU: Mwaka wa pili sasa unao.

SIMAI: Kwenye kopo la karafuu, haujaguswa wallahi—

MAKUNGU: Usiape.

SIMAI: Makungu—

MAKUNGU: Usiape, nakuomba. Subiri kwanza. Subiri niulize. Alkhamisi.

SIMAI: Alkhamisi nini?

MAKUNGU: Siku ya meli. Mimi hubeba abiria toka alfajiri, saa saba mchana nshachoka kama gunia. Duka limefungwa. Nakuja kulala stoo kwako, juu ya magunia ya mchele, mpaka alasiri. Gari naiacha mlangoni, ufunguo mfukoni.

SIMAI: Ndo mambo gani hayo sasa—

MAKUNGU: Wewe ndiye uliyenambia nilale. Lala, shemegi, ntakuamsha. Mpaka mto ukaniletea kutoka nyumbani.

OPERETA: Dakika tatu, Makunduchi. Mnaendelea?

MAKUNGU: Naendelea, bwana. Ntalipa.

SIMAI: Kata tu, Makungu, pesa bure hiyo, tutazungumza ukirudi—

MAKUNGU: Tutazungumza sasa. Watu wa Jang'ombe walimwambia mke wangu Mwatima, gari ya mumeo kila Alkhamisi mchana iko nje kwa Mwanakheri, yule mjane. Si mmoja, watu watatu. Mimi nikamwambia Mwatima, wallahi nlikuwa nimelala stoo kwa Simai. Baba yake, Mzee Mcha, akanijibu nini kwenye kikao?

SIMAI: Sikumbuki.

MAKUNGU: Ulikuwepo! Ulikaa ubavuni kwangu! Akasema, gari haiendi peke yake, mwanangu, na ufunguo wenu ni mmoja, mji mzima unajua, na uko mfukoni mwako. Mimi nikakugeukia wewe. Nikasema, Simai, waambie. Waambie Alkhamisi mimi huwa wapi.

SIMAI: [kwa sauti ya chini] Makungu.

MAKUNGU: Ukasema nini?

SIMAI: Watu wameanza kuingia dukani—

MAKUNGU: Ulisema, mie mchana hurudi kwangu kula, siwezi kujua nani kalala stoo. Maneno yako hayo, nayakumbuka moja moja. Nikaona, maskini Simai, mkweli, hataki kuapia asichokiona. Nikakuheshimu! Nilitoka pale nimekuheshimu! Kumbe gari ulikuwa ukiichukua wewe. Nani kakufundisha kuendesha? Hujui hata kutia gea.

SIMAI: Wewe.

MAKUNGU: Mimi?

SIMAI: Kule Fumba. Zile Jumapili mbili.

MAKUNGU: Ulisema umeshindwa. Ulisema miguu inatetemeka, hutaki tena kusikia habari ya gari.

SIMAI: Miguu ilizoea baadaye.

MAKUNGU: Ya Rabi. Ya Rabi toba.

SIMAI: Nisikilize basi. Si zinaa. Nimemuoa, Makungu. Mwanakheri nimemuoa, kwa walii na mashahidi, ni halali yangu. Ni siri tu kwa ajili ya Shemsa. Unamjua dada yako. Akijua atarudi kwenu siku hiyohiyo, na watoto atawachukua.

MAKUNGU: Na mke wangu karudi kwao.

SIMAI: Nnajua.

MAKUNGU: Wako asijue, akae. Wangu aende.

SIMAI: Mimi sikukwambia umwache! Hasira zako mwenyewe, ulitoa talaka palepale, hata nimekuvuta kanzu—

MAKUNGU: Alinambia mbele ya watu mimi ni muongo! Miaka tisa hajaniita muongo! Nikatoa moja. Moja tu, na tangu hiyo siku silali. Unajua nimekuja kufanya nini Kizimkazi?

SIMAI: Nilidhani abiria.

MAKUNGU: Abiria gani! Edda yake imebaki siku mbili. Bibi yake kanitumia habari. Siku mbili, Simai, halafu si mke wangu, ni mwanamke wa watu. Nimekuja kumwomba arudi. Kumrejea bila ridhaa yake naweza, sheria inanipa. Lakini nikae na mke anayenitazama kama nimemwibia? Leo asubuhi nimezungumza naye, yeye yuko nyuma ya mlango. Kanambia neno moja tu. Sema kweli, Makungu, ukubali ulikwenda kwa Mwanakheri, nitasamehe. Ananisamehe kosa lako wewe! Nikakataa. Nikaona bora nimkose kuliko nimwambie uongo.

SIMAI: [anapumua] Kama angesamehe, si ungekubali tu? Mambo yakaisha. Makungu? Nimesema vibaya. Haloo?

MAKUNGU: Nipo.

SIMAI: Ulimi umeteleza.

MAKUNGU: Panda gari ya Jaku uje wewe mwenyewe. Sema mbele ya Mzee Mcha hayo uliyonambia mimi. Maneno mawili, halafu rudi zako.

SIMAI: Siwezi.

MAKUNGU: Simai.

SIMAI: Kizimkazi na mjini maneno yanakwenda kwa siku moja. Kesho Shemsa anajua. Niombe kitu chengine. Ile nusu yangu ya gari nakuachia, wallahi, chukua gari yote—

MAKUNGU: Sitaki gari.

SIMAI: Basi unataka nini?

MAKUNGU: Huji?

SIMAI: Nipe mpaka Ijumaa nijipange—

MAKUNGU: Ijumaa edda imekwisha! Nimekwambia sasa hivi!

SIMAI: Usinipigie kelele, watu wananitazama hapa—

MAKUNGU: Basi mpe Jaku ufunguo.

SIMAI: Ee?

MAKUNGU: Saa nane, kama ulivyosema. Utie ndani ya bahasha.

SIMAI: Alhamdulillahi. Ndo maneno ya kiume hayo. Ufungue gari, urudi mjini, tukae chini mimi na wewe, hapana haja ya—

MAKUNGU: Sikukwambia narudi mjini. Wa kwanza uko kisimani, na Kizimkazi nzima imeuona ukizama. Mzee Mcha mwenyewe kaja pale kisimani kanicheka, kasema gari yako sasa italala hapa mpaka kiama, maana ufunguo wake ulikuwa mmoja duniani. Basi ntamwita atoke barazani. Na Mwatima ntamwomba asimame dirishani. Halafu ntaifungua gari mbele yao.

[waya unavuma]

SIMAI: Usinifanyie hivyo.

MAKUNGU: Sitasema neno. Jina lako sitalitaja.

SIMAI: Watauliza umetoka wapi!

MAKUNGU: Watauliza.

SIMAI: Na ikiwa Jaku hakuupata?

MAKUNGU: Saa kumi na moja Jaku akishuka mikono mitupu, napanda baskeli nakuja mjini. Ntapita kwa Shemsa kwanza, kabla ya kupita kwako. Ni dada yangu, ana haki ya kujua sanduku lake alilivunjia nini.

SIMAI: Makungu, sisi ni watu wa miaka! Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea baba yako! Na watoto wangu wanakuita—

MAKUNGU: Wanangu hao, sina ugomvi nao. Mimi nakudai kitu kimoja tu, useme Alkhamisi mimi nlikuwa wapi. Nimekukalia ubavuni nakutazama mdomo, nasubiri useme. Nasubiri mpaka leo.

SIMAI: Nliogopa.

MAKUNGU: Mimi nlikuwa nimelala, Simai. Nimelala kwako.

OPERETA: Dakika sita, Makunduchi. Nakata.

SIMAI: Ngoja, bwana, ngoja kidogo! Makungu! Ntampa Jaku, ntampa mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini nambie, tajiri huyu hapa ananiuliza nani kanipigia simu muda wote huu. Nimwambie nani? Haloo? Nimwambie shemegi yangu?

MAKUNGU: Mwambie mtu tu. Kakosea namba.