Siku Nne Ndani ya Maji

Marehemu baba yetu, ambaye idara nzima ya barabara ilimwita Siku Nne, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa seremala. Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha chuo cha ufundi, akapata cheti mwaka 1979.

Januari 1980 aliajiriwa maabara ya udongo, akakaa hapo miaka thelathini na saba. Alishindilia udongo ndani ya kopo la chuma, akauloweka siku nne, kisha akapima umebakiwa na ugumu kiasi gani. Wahandisi wenye haraka walimbembeleza aupime mkavu. "Ukiwa mkavu, kila udongo shujaa," aliwajibu. "Nendeni mkanywe chai, mrudi Ijumaa."

Msimamo huo aliupata kwa aibu. Alimwoa mama yetu, mshonaji, tarehe 4 Agosti 1984. Ili harusi imkute kwake, alijenga chumba mbio mbio, akashindilia kifusi cha sakafu wakati wa kiangazi, akarukaruka juu yake, akaridhika. Mvua za kwanza zikapenya chini, sakafu ikatitia na kupasuka, cherehani ya mama ikainama. "Mtaalamu wa udongo huyo!" mama alimcheka mpaka juzi. Ufa ule baba hakuuziba kamwe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 8 Juni 2025 alilazwa. Kesho yake binti yake wa mwisho, aliyerithi kazi ile na ndiye anayewasomea wasifu huu, alimpigia kutoka maabara ya mbali.

"Baba, nije?"

"Niko ngangari, mama. Sampuli ya tuta la daraja umeiloweka lini?"

"Leo asubuhi."

"Basi usiitoe kabla ya siku nne. Usije ukaniaibisha."

Binti huyo, aliyefundishwa kutoamini ugumu ambao haujajaribiwa, aliliamini neno ngangari. Mpaka leo hajisamehe. Baba alifariki Alhamisi tarehe 12, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kupanda basi la kwenda msibani, binti aliutoa udongo majini, akaupima, akapiga simu ya baba kumsomea matokeo kama kawaida yake. Aliyepokea ni mama. Wakalia wote wawili.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Lala salama, Baba. Tumeusubiri udongo siku zote nne. Umehimili.